Mdogo Wangu Anasubiri Sheria Imruhusu Kufa. Nimjibu Nini?

Mpendwa Mshauri,

Ninakuandikia kwa sababu nyumbani kwetu suala hili halizungumziki tena bila mtu mmoja kuinuka na kuondoka. Mdogo wangu wa kike anaugua sonona tangu alipokuwa chuoni, na sasa ni mtu wa makamo. Amelazwa mara kadhaa, amepitia tiba ya mazungumzo, na amepewa tiba ya umeme iliyompa nafuu ya miezi michache kabla ya hali kurudi ilivyokuwa. Ana daftari dogo ambamo ameandika jina la kila dawa aliyotumia, tarehe ya kuianza na ya kuiacha, na kando yake neno moja au mawili: "usingizi tu", "mikono inatetemeka", "hakuna kitu". Kwenye ukurasa wa mwisho hakuna dawa, kuna tarehe tu: 17 Machi 2027.

Tunaishi Kanada, na hiyo ndiyo tarehe ambayo, kwa mujibu wa sheria ilivyo sasa, mtu ambaye ugonjwa wake pekee ni wa akili ataruhusiwa kuomba kusaidiwa na daktari kufa. Mdogo wangu anasema hataki kujiua kwa siri na kutuachia jeraha la namna hiyo. Anataka kusubiri, aombe, apimwe, na afe sisi tukiwa pembeni yake. Anayasema haya kwa utulivu unaonitisha kuliko kilio. Anauliza kwa nini mgonjwa wa saratani anayeteseka anasikilizwa leo, ilhali yeye anaambiwa angoje, kana kwamba mateso yake ni ya kubuni.

Mama anasema huu ni upungufu wa imani, na kwamba kila anayemsikiliza anamsukuma kaburini. Kaka yetu anasema ni haki yake, na kwamba tunamng'ang'ania kwa ajili yetu wenyewe. Mimi sina upande. Wiki chache zilizopita aliniuliza, "Siku hiyo ikifika, utakuja kukaa nami?" Sikuweza kumjibu.

Naomba unisaidie. Je, sheria inayowatenga wagonjwa wa akili ni ya haki? Nikikubali kwamba ana haki ya kuomba, nitakuwa nimemkatia tamaa? Na nimjibu nini?

Dada Mkubwa

*

Dada yangu,

Naanza na jambo lisiloweza kungoja mjadala wa sheria. Mdogo wako anasema atasubiri, na yawezekana anasema kweli, lakini mtu aliyeishi muda mrefu na hamu ya kufa ana siku zenye unafuu na siku zenye giza, na ahadi aliyoitoa katika siku ya unafuu haimfungi katika siku ya giza. Muulize waziwazi, bila kuzungukazunguka, kama huwa anawaza kujiua kabla ya tarehe hiyo. Kumuuliza mtu swali hilo hakumtii wazo ambalo hakuwa nalo, na wengi hupata ahueni kwa sababu hatimaye kuna aliyethubutu kuuliza. Akikubali, au ukiona ameanza kugawa vitu vyake na kuaga watu, usimwache peke yake. Piga simu au tuma ujumbe kwa namba 988, inayohudumia Kanada nzima saa zote, au mpeleke idara ya dharura. Daktari wake naye anapaswa kuijua ile tarehe iliyo daftarini. Nashuku hajaambiwa.

Sasa sheria yenyewe. Mwezi Februari 2015 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kwamba kumkataza kabisa daktari kumsaidia mtu kufa ni kuvunja haki za mtu mzima mwenye akili timamu anayeteseka kupita kiasi kwa ugonjwa usiotibika. Bunge likatunga sheria mwaka 2016, lakini likaweka sharti kwamba kifo cha mwombaji kiwe kinatarajiwa, na mwaka 2019 mahakama moja ya jimbo la Quebec ikalitengua sharti hilo. Mwezi Machi 2021 Bunge likafungua njia ya pili kwa wagonjwa ambao kifo chao hakiko karibu, huku likiwaweka kando kwa miaka miwili wale ambao ugonjwa wao pekee ni wa akili. Miaka hiyo miwili ikaongezwa hadi Machi 2024, kisha ikasogezwa tena hadi Machi 2027. Ninakueleza haya kwa sababu mdogo wako ameishika tarehe hiyo kama ahadi, na si ahadi. Imekwisha kusogezwa mara mbili, inaweza kusogezwa tena au kufutwa, na hata ikifika haitampa idhini ya kitu chochote isipokuwa nafasi ya kuomba. Ataombwa kupimwa na wataalamu wawili walio huru, na kwa wasio karibu na kifo tathmini hiyo kwa kawaida haiwezi kukamilika chini ya siku 90.

Umeniuliza kama kuwatenga wagonjwa wa akili ni haki. Malalamiko ya mdogo wako ni mazito kuliko wanavyokubali wengi wanaompinga. Jibu linalosikika mara nyingi ni kwamba mgonjwa wa akili hawezi kuamua jambo kubwa kama hili, na jibu hilo halisimami. Mtu mwenye sonona anapiga kura, anaandika wosia, anakubali au kukataa upasuaji, na daktari hana ruhusa ya kudhani kwamba hajui anachofanya kwa sababu tu ya jina lililoandikwa kwenye faili lake. Uwezo wa kuamua hupimwa kwa mtu mmoja mmoja na kwa uamuzi mmoja mmoja: je, anaelewa anachoambiwa, anaweza kukikumbuka, kukipima na kueleza anachotaka? Tena sheria ya Kanada haimzuii mgonjwa wa saratani ambaye pia ana sonona. Kama sonona ingekuwa inaondoa uwezo wa kuamua, huyo naye angezuiwa. Kwa hiyo anaposema anadharauliwa, usimkatalie haraka.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo kipimo hicho hakilifikii vizuri. Sonona haifuti habari kichwani mwa mtu. Inabadilisha uzito wa habari hizo. Mgonjwa anaweza kujibu kila swali la daktari kwa ufasaha, akataja dawa zote zilizobaki na uwezekano wa kila moja kufanya kazi, na bado akahitimisha kwamba hakuna kitakachomfaa, kwa sababu kuona kwamba hakuna kitakachofaa ni dalili mojawapo ya ugonjwa wenyewe. Ule utulivu unaokutisha unaweza kuwa uamuzi uliokomaa kwa miaka mingi, na unaweza pia kuwa sauti ya ugonjwa uliojifunza kuzungumza kwa adabu. Wakati mwingine hata madaktari wenye uzoefu hawakubaliani ni lipi kati ya hayo mawili.

Lakini kwa maoni yangu kiini cha mgogoro hakiko kwenye uwezo wa kuamua. Kiko kwenye sharti kwamba ugonjwa uwe hautibiki. Katika baadhi ya magonjwa ya neva daktari anaweza asijue mwezi, lakini anajua mwelekeo. Katika sonona hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoweza kuwatenganisha wawili walioteseka kwa muda sawa na kumwonyesha yule ambaye hatapona kamwe. Kuna watu wanaopata nafuu baada ya miaka ambayo kila mtu, wao wenyewe wakiwamo, alikuwa amekwisha kufunga hesabu, na kuna wasioipata. Jopo la wataalamu lililoundwa na serikali ya Kanada lilieleza mwaka 2022 kwamba inawezekana kulitathmini jambo hili kwa kila mgonjwa peke yake, kwa kuangalia historia ya tiba alizopata na matokeo yake. Wapinzani wanasema huko ni kubahatisha kwa lugha ya kitaalamu, na kamati ya pamoja ya Bunge ilihitimisha mwanzoni mwa 2024 kwamba nchi haijawa tayari.

Zipo nchi ambazo hazikungoja. Nchini Uholanzi, daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Boudewijn Chabot alimsaidia kufa mwanamke aliyekuwa amewapoteza wanawe wawili na ambaye hakuwa na ugonjwa wowote wa mwili. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema kwamba chanzo cha mateso, kiwe cha mwili au cha akili, hakibadilishi kanuni, lakini kwamba katika mateso ya akili daktari anapaswa kuwa mwangalifu kupita kawaida. Ikamtia hatiani bila kumpa adhabu, kwa sababu hakuna daktari mwingine aliyemwona mgonjwa yule kwa macho yake. Sheria ya nchi hiyo inayoruhusu jambo hili ilianza kutumika mwaka 2002. Mwaka 2010 watu waliokufa kwa njia hiyo kwa sababu ya ugonjwa wa akili walikuwa 2. Mwaka 2024 walikuwa 219, kati ya vifo 9,958 vya aina hiyo. Wapo wanaoiona idadi hiyo kama mteremko usio na breki, na wapo wanaosema ni watu waliokuwapo siku zote bila mlango wa kubisha. Takwimu peke yake haiamui.

Ninachotaka ukitazame kwa karibu ni tofauti moja kati ya sheria hizo mbili, ambayo haipewi nafasi inayostahili. Nchini Uholanzi daktari na mgonjwa wanapaswa kuafikiana kwamba hakuna njia nyingine ya maana iliyobaki; mgonjwa akikataa tiba yenye matumaini ya kweli, kwa kawaida ombi lake haliendelei. Sheria ya Kanada inasema mateso yawe hayawezi kupunguzwa kwa namna ambayo mgonjwa mwenyewe anaiona inakubalika. Wataalamu wawili wanapaswa kumweleza huduma zilizopo na kuridhika kwamba amezitafakari kwa dhati, lakini neno la mwisho ni lake. Kwa mgonjwa wa saratani aliyechoshwa na tiba, hiyo ni heshima. Kwa mtu ambaye ugonjwa wake ndio unaomwambia kwamba hakuna tiba inayostahili kujaribiwa, kifungu hichohicho kinanitia wasiwasi mkubwa, na ningependa Bunge likitazame upya kabla ya kumfungulia mlango.

Utafiti mmoja wa Ubelgiji uliochapishwa mwaka 2015 umekuwa ukinukuliwa na pande zote mbili. Uliwafuatilia wagonjwa 100 wa akili walioomba kusaidiwa kufa. Maombi 48 yalikubaliwa na 35 yakatekelezwa. Miongoni mwa 13 waliobaki kati ya waliokubaliwa, watu 8 waliahirisha au kufuta kwa sababu kule kujua tu kwamba mlango upo kuliwapa utulivu wa kutosha kuendelea kuishi. Wanaounga mkono sheria wanasema: mnaona, ruhusa yenyewe ni dawa, na anayesikilizwa hana haja ya kukimbilia njia ya kutisha. Wanaopinga wanajibu kwamba hao wanane walikuwa wamekwisha kuhesabiwa na madaktari kuwa watu ambao mateso yao hayana nafuu, kisha nafuu ikaja kutokana na maneno na umakini wa watu. Mimi ninaona pande zote mbili zinasema kweli, na ndiyo maana utafiti huo haunitulizi. Unaniambia kwamba kumsikiliza mtu kwa dhati ni sehemu ya tiba, na unaniambia pia kwamba hukumu ya "haitibiki" ina nyufa.

Kuna la upweke pia. Uchunguzi wa mafaili 66 ya wagonjwa wa akili waliosaidiwa kufa nchini Uholanzi kati ya 2011 na 2014 ulionyesha kwamba katika zaidi ya nusu yake upweke au kutengwa na watu kulitajwa. Upweke hauingii kwenye faili kama ugonjwa, wala hautibiwi kwa kidonge, na mtu anayeomba kufa huku akiwa na njaa ya watu anastahili kwanza kupewa watu. Simaanishi kwamba mdogo wako yu mpweke. Namaanisha kwamba hilo ni swali la kuuliza kabla ya swali la haki.

Ukinitaka nitoe uamuzi wangu juu ya sheria, ni huu: kuahirisha kunaweza kutetewa, lakini kwa sababu moja tu, yaani kwamba hatujui kutabiri nani hatapona. Hakutetewi kwa kusema kwamba wagonjwa wa akili hawajui wanachotaka, wala kwa kusema kwamba mateso yao ni madogo. Na sababu hiyo moja ina gharama kwa serikali inayoitumia. Kumwambia mtu "subiri, huenda ukapona", kisha kumweka kwenye foleni ndefu ya kumwona mtaalamu, ni kumdhihaki. Muda wa kusubiri usipojazwa tiba, basi ni kumtelekeza.

Swali lako la pili lina jibu jepesi zaidi. Kukubali kwamba mtu ana haki ya kuomba si kukubali kwamba afe. Unaweza kuamini kwamba sauti yake inastahili kusikilizwa na wataalamu, na papo hapo ukatamani kwa nguvu zako zote kwamba jibu liwe hapana. Sheria haihitaji kibali cha familia, wala hakuna atakayekuomba utie sahihi. Kwa hiyo acha kujibebesha mzigo wa kuidhinisha au kukataza. Kazi yako ni udada.

Na lile aliloliuliza? Usimpe "ndiyo" leo, na usimtishe kwa "hapana". "Ndiyo" yako ingekuwa faraja kwa dakika chache, lakini mtu aliyekwisha kuwapanga ndugu zake kwa siku fulani huona aibu kurudi nyuma, na mdogo wako lazima abaki na uhuru wa kubadili mawazo saa yoyote bila kuona kwamba amewasumbua watu bure. "Hapana" nayo itamfundisha kutokukuambia tena. Mwambie kile unachokijua, kwa mfano: "Sitaki ufe, na sitajifanya kwamba nataka. Sitakuacha uende kwa daktari peke yako, hata siku utakayokwenda kuomba jambo nisilolitaka. Kuhusu siku ile yenyewe sina jibu, na sitakudanganya." Atakapokuuliza tena, na atakuuliza, una haki ya kumwambia kwamba bado huna.

Daftari lile lina kazi kubwa kuliko mnavyodhani. Mwombe ruhusa mlipeleke pamoja kwa daktari wa magonjwa ya akili ambaye hajawahi kumtibu, kwa ajili ya maoni ya pili. Madaktari kwa kawaida huiita sonona sugu pale ambapo angalau dawa mbili zimeshindwa baada ya kutumiwa kwa kipimo cha kutosha na kwa muda wa kutosha, na kwenye hilo neno "kutosha" ndipo mambo mengi hujificha. Kila dawa iliyoandikwa "hakuna kitu" iulizwe: ilikuwa kipimo gani, na wiki ngapi? Utambuzi wenyewe ukaguliwe upya, maana ugonjwa wa hisia mbili (unaomrusha mtu kati ya msisimko uliopitiliza na huzuni nzito), matatizo ya tezi ya shingo na majeraha ya zamani ya kihisia huweza kujifanya sonona ya kawaida kwa miaka. Ile tiba ya umeme iliyompa miezi michache usiihesabu kuwa imeshindwa: hali kurudi baada yake ni jambo la mara kwa mara, na ipo tiba ya mwendelezo, ya umeme au ya dawa kama lithiamu, inayotolewa ili nafuu idumu. Uliza kama alipewa. Uliza pia kuhusu ketamini, dawa ya usingizi wa upasuaji ambayo hutumiwa pia kwa sonona isiyosikia dawa nyingine. Usimwahidi kwamba mojawapo itafaa, kwa sababu amekwisha kuahidiwa vya kutosha, na usiliweke jambo hili kama mtihani ambao akiufaulu ndipo mtamheshimu.

Mama yako anaogopa, na hofu yake imevaa nguo ya mahubiri. Usibishane naye juu ya imani. Mwambie kwamba binti yake anapoambiwa ana imani haba husikia kwamba mateso yake ni kosa lake, na kwamba mtu anayejilaumu ndiye anayetafuta kutoka. Kaka yako naye ana nusu ya ukweli, lakini haki ya mtu haimwondolei ndugu wajibu wa kuuliza amelala vipi usiku. Mnapokutana kuzungumza, mdogo wenu awepo chumbani, kwa sababu kila nilichokisoma katika barua yako kinaonyesha kwamba mmekuwa mkimjadili zaidi kuliko mnavyozungumza naye. Anzeni na miadi ya daktari: nani atampeleka, nani atakaa naye siku za dawa mpya, na nani atakuwa anapokea simu yake usiku.

Mshauri